Udi Katika Koti Jeupe

Al-Naseem, Riyadh
Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi

Mama yangu,

Nakushika miguu. Natumai barua hii imekukuta umekaa barazani na si kitandani, na kwamba goti la kushoto limeikubali dawa mpya. Nataka kujua pia sukari yako inasomaje asubuhi. Mwambie Zahra, huyo mjukuu wako, asiniandikie tena "bibi mzima" kama anavyofanya kwenye simu. Aniandikie namba. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Macho yanadai miwani mipya, na mgongo unalalamika nikiinama sana kazini, lakini hayo ni ya umri, si ya Saudia.

Barua anakuletea Maryam, binti wa mdogo wako Rukia wa Jeddah, anayekuja Unguja harusini. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu mara ya mwisho nilipokwambia usinitumie tena udi, ulisema "haya," ukampa Zahra simu. Naijua hiyo "haya" yako. Zahra alininong'oneza kwamba umesema mwanao sasa amekuwa daktari mkubwa, udi wa mamaake umemshinda. Si hivyo, Mama. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio wake, kisha utaamua mwenyewe kama una haki ya kuendelea kununa.

Nianze na kazi, maana najua majirani wakikuuliza unawajibu "yuko hospitali." Hospitali zinatuhusu, lakini siko huko. Unakumbuka siku chumvi ilipomwagikia moto wa jiko la mafuta, moto ukageuka manjano, nikakuuliza kwa nini, ukaniambia nikoroge uji? Jibu nililipata Dar es Salaam miaka mingi baadaye. Ni atomu za sodiamu zilizomo ndani ya chumvi, na kila aina ya atomu ina rangi zake za mwanga ambazo haibadilishi hata uipeleke wapi. Nimekula kwa jibu hilo mpaka leo. Nilianza na taa ya sodiamu. Nilipokwenda Ulaya nikajifunza leza, yaani mwanga wa rangi moja tu, ulionyooka, na miaka sita nilikuwa nikiipiga kwenye mvuke wa metali ndani ya vichupa vya kioo. Atomu zina adabu: zina mistari michache, kila mmoja mahali pake. Baadaye nikahamia kwenye molekuli, ambazo ni atomu zilizoshikana, na hizo hazitulii. Zinazunguka, zinatikisika, na kila mtikisiko humeza rangi yake ya mwanga. Ukipitisha leza kwenye hewa, ukaangalia rangi ipi imepungua upande wa pili, unajua hewa ile ina nini na kwa kiasi gani. Kazi yangu yote, toka nina nywele nyeusi, ni hiyo.

Mashine tunayoijenga sasa ni ya kupima pumzi. Mtu anapuliza kwenye mrija, pumzi inaingia kwenye bomba lenye vioo viwili, leza inakwenda na kurudi kati ya vioo hivyo maelfu ya mara, nasi tunasoma kilichomezwa. Tunatafuta asetoni. Haipimi sukari yenyewe, nisikudanganye. Utaendelea kujitoboa kidole. Lakini mwili wa mgonjwa wa sukari ukikosa insulini huanza kuchoma mafuta, na asetoni hutoka kwenye pumzi kabla mtu hajajua kwamba hali imekuwa mbaya. Kwa mtoto mdogo, au kwa mtu aliyeletwa hospitali hajitambui, kujua mapema ni jambo kubwa.

Mashine ziko mbili. Ya kwanza ipo hapa Riyadh, na niliijenga pamoja na fundi wetu, Otieno, Mkenya aliyekuwa akitengeneza mafriji kule mtaa wa Manfuha kabla kituo chetu cha utafiti hakijamchukua na kumfanyia ikama, yaani kibali cha kuishi nchini na kufanya kazi kwetu. Mikono yake ni mizuri kuliko ya wahandisi wote niliowahi kufanya nao kazi. Ya pili ipo Jeddah, na aliijenga Abrar, mwanafunzi wangu wa shahada ya udaktari wa fizikia, binti wa huko huko Jeddah. Nilipofika nchi hii mara ya kwanza, vikao nilivihudhuria kwa simu kutoka chumba cha wanawake, nikisikia wanaume wakisogeza viti upande wa pili. Sasa tunakaa meza moja, naendesha gari mwenyewe kwenda kazini, na binti wa miaka ishirini na sita amekabidhiwa maabara ya leza. Sisemi kila kitu kimebadilika. Nasema nilichokiona.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia.

Rangi ya mwanga tunayotumia ina tabia moja mbaya: karibu kila kitu chenye harufu nacho huimeza kidogo. Kwa hiyo maabara lazima iwe haina harufu kabisa. Mimi mwenyewe niliandika karatasi, kwa Kiarabu na Kiingereza, ikabandikwa kwenye milango yote miwili: ni marufuku kuingia na manukato, marashi, losheni au mafuta ya nywele. Watu wa hapa wanapenda kunukia kama sisi, lakini waliisoma karatasi wakatii. Dokta Faisal, mkuu wa mradi, ambaye huwezi kupanda naye lifti bila kujua kwamba amepanda, akawa anaingia maabara hanukii chochote.

Hata hivyo, kila Jumapili, ambayo huku ndiyo siku ya kwanza ya kazi, mashine ya Riyadh ilisoma vibaya. Kwenye skrini paliinuka kilima kipana, laini, kisicho na ncha, na asetoni ikazama ndani yake usiione. Jumatatu kilipungua. Jumatano hakikuwapo.

"Prof, hii mashine imeokoka," Otieno aliniambia Jumapili moja, mikono kiunoni. "Sunday haitaki kazi. Inajua siku ya Bwana kuliko mimi."

"Basi iombee," nikamwambia. "Na ukimaliza, kagua kiyoyozi."

Nilikuwa na maelezo, na yalikuwa mazuri. Ijumaa na Jumamosi viyoyozi vya jengo hupunguzwa, hewa inakaa, rangi za kuta na gundi za makabati zinatoa mvuke. Otieno alikagua mifereji ya hewa, akabadilisha vichujio, akafungua kitu na kufunga kingine. Kilima kilibaki. Tukaandika "hewa ya wikiendi" kwenye daftari, tukawa tunapima kuanzia Jumatano.

Jeddah nilikwenda mara moja kwa mwezi kuikagua mashine ya Abrar. Kila nilipokwenda, kilima kilikuwapo, hata siku za katikati ya wiki. Na kila mara binti yule aliniambia neno lile lile, macho chini.

"Wallahi, duktura, jana ilikuwa safi. Ukiondoka itarudi kuwa safi."

Mama, nimefundisha muda mrefu. Nimewasikia wanafunzi wakisema vifaa vyao hufanya kazi mwalimu akiwa hayupo. Nikamwambia, "Abrar, mimi naripoti ninachokiona. Siripoti cha jana." Akasema, "Hader," yaani sawa, nakuitikia. Akanitumia vipimo vya siku ambazo sikuwapo, na vilikuwa safi. Nikavitilia shaka kwa sababu vilikuwa safi mno.

Mara ya tatu nilipokwenda, alinisindikiza mpaka kwenye teksi, akauliza kwa sauti ndogo, "Duktura, udi wako unatoka wapi?"

Nilifurahi. Nikamwambia unatengenezwa na mama yangu Unguja, na kwamba hauuzwi. Safari iliyofuata nikamchukulia kopo moja kati ya yale matatu uliyonitumia baada ya Mfungo Mosi. Alilipokea kwa mikono miwili. Tena siku ile ile, baada ya kuona kilima kwa mara ya nne, nikarudi Riyadh nikamwandikia Dokta Faisal ripoti ya ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mashine ya Jeddah haiaminiki, na sababu inayowezekana zaidi ni usafi na uangalifu wa mwendeshaji. Nakupa maneno yenyewe maana niliyaandika kwa makusudi na sikuyaandika kwa hasira.

Ripoti ile ilikuwa na uzito. Kamati ya mradi ilipangiwa kukutana Jeddah kuamua kama Abrar aendelee na mashine au aondolewe, apewe kazi ya kompyuta, aanze udaktari wake upya kwa mada nyingine. Miaka mitatu ya kazi ya mikono yake ingepewa mtu mwingine. Na kwa sababu alikuwa wa kwanza miongoni mwa mabinti kukabidhiwa maabara ile, nilijua kabisa nini kingesemwa kwenye korido juu ya atakayefuata.

Nilifika Jeddah siku moja kabla ya kikao. Mama mdogo Rukia alinipokea kwa wali wa nazi na maneno mengi, ila hayo Maryam atakusimulia. Saa nne asubuhi nilikuwa maabara. Abrar alinizuia mlangoni.

"Duktura, naomba leo usiingie kwanza. Kaa hapa, nyuma ya kioo."

"Unanizuia kuingia kwenye maabara yangu?"

"Nakuomba dakika kumi. Kesho wananiondoa. Nipe dakika kumi."

Nikakaa. Kati ya chumba na korido kuna dirisha pana la kioo, na skrini aliigeuza niione. Akaendesha mashine mbele yangu: kuifuta, kuweka sifuri ya kuanzia vipimo, kupitisha hewa safi kutoka kwenye mtungi, kisha hewa ya chumba. Mstari ulikuwa tambarare. Hapakuwa na kilima. Nilitazama mikono yake muda wote, na hakukosea hatua hata moja. Akatoka nje, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Koti lako, tafadhali."

Nilikuwa nimelivaa koti langu jeupe la maabara, nalibeba kila safari kwa sababu ya kule hayanitoshi mabegani. Nikalivua. Akaliingiza ndani, akalitundika kwenye kiti, hatua moja kutoka kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa, akarudi kusimama karibu yangu. Mstari ulianza kupanda upande wa kulia, ukajaa katikati, na kabla dakika hazijatimia tano kilima kilikuwa kimekaa pale kama mwenyeji.

"Subiri," akasema. Akaenda kwenye kabati la nje, akatoa kopo lako, lile la maziwa ya unga ulilolizungushia kitambaa cha kanga. Akalitoa koti, akasubiri mstari ulale, kisha akafungua kopo mbele ya bomba kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, akalifunga. Kilima kile kile. Umbo lile lile, mwinuko ule ule mdogo kama bega upande wa kushoto. Akavichapisha vilima vyote viwili kwenye karatasi, akaviweka kimoja juu ya kingine akaviinua kwenye mwanga wa taa. Mstari mmoja.

Mama, unajua mimi hufua Ijumaa. Jumamosi napiga pasi, kisha nazitandaza nguo juu ya tenga, chetezo chini, kipande cha udi wako juu ya kaa, mpaka moshi uishe. Ndivyo ulivyonifundisha, nami sijawahi kuvaa nguo iliyotoka kwenye pasi moja kwa moja. Na koti la maabara ni nguo. Lilipitia njia ya nguo zote. Nakuapia haikunipitia akilini hata siku moja kwamba hayo ni manukato. Manukato ni kitu unachojipaka. Udi wa nguo kwangu ni sehemu ya kufua, kama sabuni. Ndiyo maana karatasi yangu ya mlangoni ilitaja marashi na losheni na mafuta, na udi haikuutaja. Wenyeji waliisoma wakaelewa kwamba bukhuri, yaani udi wa kufukiza, nayo imo. Mimi niliyeiandika ndiye pekee niliyeingia na moshi, na kila Jumapili nililiinamia bomba kwa mikono yangu ili niweke sifuri. Kufikia Jumatano koti lilikuwa limepoa; ila kila safari ya Jeddah nililifukiza upya kabla ya kulifunga begini.

Na kuna jambo baya zaidi ya hilo. Kosa lilikuwa moja, kwenye mashine mbili. Kwa mashine yangu nilikilaumu kiyoyozi. Kwa mashine yake nilimlaumu yeye.

Nikamwuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu safari ya tatu nilishuku. Tangu uliponipa kopo, nilijua."

"Ukaacha niandike ripoti ile?"

"Sikujua kama unaiandika!" Hapo sauti ilimpanda kwa mara ya kwanza. "Na ningekwambiaje? Umenifundisha kila kitu. Umenipa zawadi ya mama yako. Nirudi nikwambie, duktura, tatizo ni nguo zako? Nilimwuliza mama yangu. Akasema, mtu akikupa udi kwa mkono wake, humwambii kwamba unakukera."

"Wewe ni mwanafizikia, Abrar."

"Na wewe pia," akasema. "Mbona hukujiuliza kwa nini ni siku ulizokuja tu?"

Halafu akajishika mdomo, kwa kuogopa alichokisema. Nikamwambia hakuna haja ya kujishika mdomo, swali ni zuri na lilikuwa langu kuliuliza. Nikamtaka anichapishie karatasi zile nakala tano.

Nikupe hesabu yangu ya siku ile bila kuipamba. Mkataba wangu ulikuwa mezani kwa Dokta Faisal ukisubiri sahihi, na ikama yangu inafuata mkataba. Ningeweza kuiondoa ripoti kimya kimya. Ningesema kumetokea "hitilafu ya usawazishaji," neno ambalo kila mtu huliheshimu na hakuna anayeuliza ndani yake mna nini. Abrar angebaki, nami ningebaki. Lakini ripoti ilikuwa imetaja uangalifu wa mwendeshaji, na maneno yale yangekaa kwenye faili lake bila jibu. Mtu angeyakuta miaka kumi mbele, akimtafutia sababu.

Asubuhi ya kikao, Rukia alikuwa amekwisha washa chetezo.

"Leta baibui nilifukize," akasema.

"Leo hapana, mama mdogo."

"Hapana nini? Unakwenda kukaa na watu wazima, tena wanaume, halafu unanuka pasi? Watasema mtoto wa Zanzibar kalelewa wapi?"

"Watasema vizuri. Leo ndiyo siku ya kutonuka."

Akanitazama juu mpaka chini. "Umekuwa Mzungu. Nitamwambia dada."

Najua ameshakwambia. Basi hii ndiyo sababu yake. Nilikwenda kikaoni sinukii chochote, kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo, na nilijiona kama nimesahau viatu.

Walikuwa watano mezani: Dokta Faisal, wahandisi wawili, daktari mzee wa magonjwa ya sukari kutoka hospitali tunayoshirikiana nayo, na katibu. Abrar alikaa mwisho wa meza, mikono mapajani. Dokta Faisal alitaka nianze kwa kusoma ripoti yangu. Niliisoma yote, pamoja na sentensi ya mwendeshaji. Kisha nikasema kwamba ripoti hiyo ni ya makosa, nikagawa karatasi, nikaeleza kuhusu koti, tenga na chetezo kwa utaratibu ule ule nilioutumia kukueleza wewe. Nikasema kwamba aliyegundua ni Abrar, na kwamba alifanya jaribio ambalo mimi nilipaswa kulifanya miezi minne kabla.

Daktari mzee akavua miwani.

"Yaani mashine hii imeunusa udi kwenye nguo iliyofuliwa, iliyopigwa pasi, ikasafiri kwa ndege?"

"Ndiyo."

"Mke wangu hawezi hivyo," akasema, "na mke wangu hunusa sigara niliyoivuta nyumba ya jirani."

Wahandisi wakacheka. Dokta Faisal hakucheka. Si mtu mbaya. Ni mtu wa faili.

"Duktura Zuwena, jambo hili unataka liingie kwenye kumbukumbu za kikao?"

"Liingie."

"Kwa maneno gani?"

"Kwamba ripoti ya kwanza imefutwa na mwandishi wake, na kwamba uchafu ulitoka kwenye nguo za mwandishi."

"Kwa jina lako?"

"Mwandishi ni mimi. Hakuna jina jingine la kuweka."

Akaandika. Halafu akamgeukia Abrar, akamwuliza swali moja tu, la kweli: je, mashine inaweza kufundishwa kukitambua kilima hicho na kukitoa, maana wagonjwa wa nchi hii watakuja hospitali wananukia bukhuri, na huwezi kumbandikia mgonjwa karatasi mlangoni? Mama, nilijisikia mjinga mara ya pili. Tulikuwa tunajenga chombo cha Riyadh na Jeddah kana kwamba watu wa Riyadh na Jeddah hawafukizi nguo. Abrar akanyanyua kichwa, akasema inaweza, na kwamba ameshaanza. Akazungumza kwa nusu saa bila kutazama karatasi. Sikumsaidia hata neno moja, wala hakunihitaji.

Uamuzi ulikuwa huu. Abrar anabaki, na mashine ya Jeddah ni yake peke yake. Mimi sasa naikagua kwa vipimo anavyonitumia, kama nilivyopaswa kuviamini toka mwanzo. Vipimo vyote vya Riyadh vya Jumapili na Jumatatu vimetupwa. Sifuri sasa anaiweka Otieno, ambaye amebandika chini ya karatasi yangu karatasi yake ya Kiswahili: "Na udi pia, Prof." Sijaibandua. Mkataba wangu Dokta Faisal aliutia sahihi wiki iliyofuata, wa mwaka mmoja badala ya miwili. Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza. Mwaka mmoja unanitosha kumaliza kazi iliyo mezani, na nakwambia kwa uhakika kwamba itamalizika.

Sasa umeelewa kwa nini nilikwambia usitume. Nilikupigia siku ile ile niliyotoka kikaoni, nikiwa uwanja wa ndege, na nilisema vibaya kwa haraka. Nilitaka kusema koti halitafukizwa tena. Nguo nyingine zote zisizoingia maabara zitaendelea, na kopo lililobaki limefika chini.

Kwa hiyo nakuomba utume. Tuma makopo mawili. Moja langu, la nyumbani Al-Naseem. La pili mpelekee Abrar kwa jina lake, kwa mkono wa Maryam akirudi, maana amelitumia la kwanza lote kuifundisha mashine. Anasema udi wa madukani haufanani na wako; wako una bega upande wa kushoto ambalo hakuna mwingine analo.

Bega hilo limenifikisha kwenye ombi la mwisho. Tunaandika makala ya kazi hii kwa ajili ya jarida, na ndani yake kuna jedwali la harufu zilizojaribiwa. Mstari wa kwanza unasema: udi, umetengenezwa kwa mkono, Unguja. Watatuuliza ndani yake mna nini. Najua hujawahi kumpa mtu mapishi yako, hata mimi, na kwa miaka yote umesema kwamba tofauti yako na jirani yetu Bi Salma ni kwamba yeye anatia karafuu ili kupunguza gharama, na wewe hutii. Abrar alikipeleka kipande kwa watu wa kemia, ambao wana mashine ya kutenganisha kitu kimoja kimoja. Sukari imo, sandali imo, mawaridi yamo.

Karafuu imo, Mama. Tena si kidogo.

Nimefikiri nifanye nini, na siwezi kufanya jingine baada ya niliyoyasema mbele ya kamati. Jedwali litaandikwa karafuu. Faraja yako ni kwamba Bi Salma hasomi majarida ya fizikia.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, na umwambie gari la serikali asilitumie kwenda shamba, ataandikwa. Wasalimie wifi zangu wote wawili, na shangazi yetu wa Pemba akija kwenye dawa. Mbusu Zahra paji la uso, umkumbushe namba za sukari. Msalimie mwalimu wangu wa hesabu wa zamani, kama bado anapita hapo asubuhi akienda kununua mkate. Na Bi Salma mpe salamu zangu nyingi kuliko wote, ila barua hii akitaka kusomewa, msomee mpaka pale penye kamati, kisha umwambie miwani imekuumiza macho.

Mwanao, anayekuomba radhi na makopo mawili,

Zuwena